Mleteni Akiwa Hai

Nikiweka muvi ya kauboi ya zamani mbele ya marafiki zangu, wanagawanyika kabla hata farasi wa kwanza hajatoa jasho. Kambi ya kwanza inasema hii ni takataka: picha nyeusi na nyeupe, mawe yale yale yanapita nyuma ya gari mara tatu, na wazee wa miaka hamsini wanapigana ngumi bila kofia kuanguka. Kambi ya pili inasema, aa, wacheni wazee wafanye kazi, hii ndiyo sinema safi. Mbaya ni mbaya, mzuri ni mzuri, polisi ni polisi. Halafu kuna yule mmoja, na kila mbogi ina wake, ambaye lazima aseme: huyu sherifu akiletwa Nairobi miezi sita tu, tutalala milango wazi.

Nagombana na kambi zote mbili. Na ya kwanza nagombana nikicheka. Na ya pili, hasa huyo wa milango wazi, sicheki.

Tusiongee hewani, tuchukue muvi moja. Arizona Bound ilitoka 1941, kazi ya kampuni ya Monogram, moja ya zile studio ndogo za Hollywood zilizobandikwa jina la Poverty Row, yaani mtaa wa makabwela. Haifiki saa moja. Ilitengenezwa iwe ile muvi ya ziada kwenye tikiti moja: umelipia ile kubwa, hii umeongezewa, kama vile mama mboga anavyokutupia dhania juu ya sukuma. Mashali watatu wa serikali kuu wanaingia mji mdogo ambako kampuni ya msichana mmoja, ya magari ya farasi ya kubeba abiria na mali, inaporwa hadi inakaribia kufungwa. Hawajuani, au ndivyo wanavyojifanya. Buck Jones ni mlinda sheria aliyestaafu akaitwa tena kazini. Tim McCoy anaingia kama mhubiri. Raymond Hatton ndiye mzee wa kuchekesha. Anayepanga uporaji wote ni mwenye saluni ya mji (saluni ya huko ni baa, si mahali pa kusuka nywele), mtu anayesalimiwa na kila mtu. Mwisho wake unaujua.

Walitengeneza muvi nane za mashali hawa watatu kati ya 1941 na 1942, na ukiona mbili umeona nane. Jones akitia chingamu mdomoni, jua moto unawaka. Wakimaliza kazi, wanaagana njia panda, kila mmoja anashika njia ya kwao, mmoja Arizona, mmoja Wyoming, mmoja Texas. Mfululizo ulikufa kwa sababu McCoy alirudi jeshini, na Jones akafa Boston mnamo Novemba 1942 baada ya moto wa klabu ya Cocoanut Grove ulioua watu 492. Nataja hayo kwa sababu watu hupenda kudhani muvi rahisi hutengenezwa na watu rahisi.

Sasa wewe wa kambi ya kwanza. Bajeti ndogo, sawa. Lakini tangu lini bajeti ikatusumbua sisi? Tulikulia kwa vibanda vya video, benchi moja watu wanane, DJ akifunika sauti ya mwigizaji na kuweka yake, akimpa staringi jina la mtaani na adui jina la mwenye nyumba. Nusu ya utamu ilikuwa pale. Hatukuuliza ile muvi iligharimu dola ngapi. Tulijua kitu kimoja: staringi hafi. Ati leo unalalamika kwamba unajua mwisho? Bibi yako akisema paukwa, ulikuwa hujui sungura atashinda? Ulijua, na bado ulikaa, kwa sababu ulitaka kuona atashinda vipi safari hii.

Na si sisi wa kwanza. Mwaka 1953 na 1954 mwanaanthropolojia Mmarekani, Hortense Powdermaker, alikaa Luanshya, mji wa migodi ya shaba katika nchi ambayo leo ni Zambia, na mojawapo ya mambo aliyoyaandika baadaye kwenye kitabu chake Copper Town ni jinsi wachimba migodi na familia zao walivyozipenda muvi za kauboi kuliko aina nyingine yoyote. Zilikuwa muvi za bei ya kutupa hizi hizi, tena zimekatwakatwa na wakaguzi wa serikali, na lugha yake wengi hawakuifuata. Haikuwazuia. Kule Copperbelt kauboi yeyote shujaa aliitwa Jeki. Hata awe nani, ni Jeki. Watoto walichonga bastola za mbao wakazunguka mtaani wakipiga kelele za Jeki. Wakubwa wa kizungu walikaa vikao kujadili kama muvi hizi zitawafundisha Waafrika ujambazi.

Mimi nadhani waliogopa kitu kisicho. Walitazama bastola, na kitu hatari kilikuwa hadithi yenyewe. Kwa maana katika hizi muvi mwizi mkubwa hakai porini. Wale wa porini wenye ndevu ni vijana wa mkono tu, wanaolipwa kwa chupa na ahadi. Mwizi mkubwa anakaa mjini. Ana benki, au ana baa, au ndiye wakili. Anavaa suti. Anachangia kanisa. Na mara nyingi siri yake ni kwamba anajua kitu ambacho wakulima hawajajua: kwamba reli itapita hapa, au kuna madini chini, au ule mto ndio utakaoamua nani ataishi. Kwa hiyo anachoma ghala, anatisha wajane, anaiba ng'ombe, hadi watu wauze ardhi kwa bei ya kutupa. Muvi za aina hii zilitengenezwa kwa mamia, na mbegu hiyo ya hadithi imo ndani ya nyingi mno.

Niambie hiyo ni Arizona pekee. Mwaka 2018 maafisa wakuu wa Tume ya Taifa ya Ardhi na wa shirika letu la reli walifikishwa kortini kwa mashtaka ya fidia ya ardhi iliyopitiwa na SGR. Walikana. Mimi si hakimu, sisemi zaidi. Ninachosema ni kwamba mtu aliyelelewa na muvi za Monogram hakushangaa hata kidogo kusikia maneno "reli" na "ardhi" yakitajwa kwenye mashtaka hayo hayo. Kwa hiyo ukiniambia hizi muvi hazina akili, nitakuuliza ni akili gani ulikuwa unaitafuta ukaikosa.

Hapo kambi ya pili inapiga meza: si tulisema? Mbaya ni mbaya! Wapeni mashali kazi!

Ngojeni. Twende polepole hapa, kwa sababu hapa ndipo mnapokumbuka muvi ambayo haikuwahi kutengenezwa.

Mashali wa Arizona Bound anafanya nini na mwenye saluni akimjua? Anatafuta ushahidi. Ndiyo maana mmoja anajifanya mhubiri, ili asikie. Wote watatu wanajua mapema mno ni nani wa kushukiwa, na mtazamaji anajua kabla yao, na bado muvi inatumia karibu muda wake wote kutafuta namna ya kuthibitisha. Risasi zinalia, ndiyo, na kuna wanaoanguka wakirushiana, sikatai. Lakini hakuna mahali mashali anamlaza mtu chini, mikono mtupu, akammaliza, halafu mji ukashangilia. Anayefanya hivyo katika muvi za kauboi ana jina. Anaitwa adui.

Na si muvi za makabwela peke yake. Tazama Rio Bravo ya 1959, ile ya pesa na majina makubwa. Muvi nzima, zaidi ya saa mbili, ni sherifu anajaribu kumweka muuaji mmoja hai ndani ya jela hadi mashali wa serikali afike, huku kaka yake muuaji, tajiri wa ng'ombe, akizingira mji. Tazama 3:10 to Yuma ya 1957: mkulima aliyeishiwa na ukame anakubali dola 200 amfikishe jambazi kwenye treni ya kwenda gerezani. Haambiwi amuue. Angeweza kumuua mara kumi. Kazi ni kumfikisha. Msisimko wote wa muvi za walinda sheria unatoka hapo, kwenye ugumu wa kumfikisha mtu mbaya mahali pa hukumu akiwa anapumua. Ukiondoa ugumu huo, umebaki na mtu mwenye bunduki anayetembea.

Najua jibu lenu: hiyo ni sinema tu, na Hollywood ililazimishwa. Kweli. Kanuni za maadili za studio, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, zilikataza kuidharau sheria kwenye picha. Kwa hivyo wacheni sinema. Tuongee kuhusu mtu.

Bass Reeves alizaliwa mtumwa Arkansas mwaka 1838. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alitoroka akaingia Indian Territory, eneo ambalo leo ni Oklahoma, akaishi na watu wa huko na kujua lugha zao. Mwaka 1875 akafanywa naibu mashali chini ya korti ya Fort Smith, ya jaji Isaac Parker. Hiyo haikuwa korti ya upole: Parker alihukumu watu 160 kifo, na 79 wakanyongwa. Reeves aliitumikia kazi hiyo hadi 1907. Hakujua kusoma. Kabla ya safari alisomewa waranti zake moja moja, akazishika kichwani, jina na kosa, na akimkuta mtu alijua ni karatasi ipi ya kutoa mfukoni.

Hebu kaa na hiyo picha kidogo. Mtu mweusi, aliyenyimwa kusoma kwa sababu alikuwa mali ya mtu, anatembea porini na karatasi asizoweza kuzisoma, na akimkuta mtu anamtolea karatasi yake.

Hesabu ya waliokamatwa naye, kwa maneno yake mwenyewe, ilipita 3,000. Waliokufa mikononi mwake inatajwa kuwa 14, kwa miaka 32. Kuna hadithi inayosimuliwa kwamba aliwahi kujivika matambara ya mtoro, akatoboa kofia yake kwa risasi, akatembea karibu kilomita 45 kwa miguu hadi nyumbani kwa mama wa ndugu wawili waliokuwa wakitafutwa. Mama akamwonea huruma, akampa chakula, akamwambia ajiunge na wanawe. Usiku wakalala chumba kimoja. Walipoamka walikuwa na pingu. Inasemekana mama yule aliwafuata njiani akimlaani Reeves kilomita kadhaa. Sasa fikiria: usiku kucha alikuwa nao, wamelala, na bastola alikuwa nayo. Kama kazi ni kuua, ile kazi ilikuwa ya dakika moja.

Kulikuwa na sababu ya mfukoni pia, nisimfanye malaika. Manaibu wa Fort Smith hawakuwa na mshahara. Walilipwa kwa kila hati waliyotekeleza na kwa kila maili waliyosafiri, na mtu akifa mikononi mwa naibu, kwa kawaida ile pesa ilipotea, na gharama za kumzika zingeweza kumwangukia yeye. Sijui sera ya polisi iliyo wazi kuliko hiyo. Maiti ilikuwa hasara.

Na yeye mwenyewe alishtakiwa. Reeves alimpiga risasi mpishi wa msafara wake, akasema ilikuwa bahati mbaya, bunduki ilifyatuka. Alikamatwa, akawekwa ndani, na mwaka 1887 akasimama kizimbani katika korti ile ile aliyoitumikia, kwa kosa la mauaji. Aliachiliwa, baada ya mawakili kummaliza pesa. Baadaye, mwaka 1902, mwanawe Bennie alimuua mke wake, na ni Reeves aliyemkamata na kumleta. Kijana akapata kifungo cha maisha. Huyu ndiye sherifu mnayemtaka? Basi mchukueni mzima mzima, na kizimba chake.

Lakini sidhani ni yeye mnayemtaka. Mwishoni mwa Machi 2017 video ilienea kutoka Eastleigh: mtu aliyevaa kiraia, ambaye ni polisi, anawamaliza kwa risasi vijana waliokwisha kushikwa, mchana kweupe, umati umezunguka. Nilisoma maoni ya watazamaji usiku ule. Wengi walipinga, lakini wengi pia walishangilia, na lugha waliyotumia ilikuwa ya sinema. Staringi. Kazi safi. Hapo hakuna kona kona. Miaka hiyo hiyo kulikuwa na kurasa za Facebook zenye jina la Hessy, Hessy wa Kayole, Hessy wa Dandora: picha ya kijana leo na onyo, picha ya maiti yake kesho, na chini yake maelfu ya watu wakisema asante. Lile tangazo la kauboi la "anatafutwa", lenye picha na jina, tulilichukua. Jela, jaji na treni ya kwenda Yuma tukaviacha.

Ndiyo maana nasema kosa hili limeua watu. Mtazamaji anayeamini kwamba mlinda sheria bora ni yule asiyehitaji waranti, haishii kwenye kochi. Yeye ndiye umati. Mwaka 2024, wakati wa maandamano ya Juni na baada yake, watu wasio na sare, nyuso zimefunikwa, magari bila namba za kweli, walianza kuwachukua vijana kutoka kwa nyumba zao. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo kwa makumi. Kati ya walioshtuka niliwatambua baadhi ya walioshangilia 2017. Waliuliza, kwa nini hawavai sare? Kwa nini hawaonyeshi waranti? Maswali mazuri sana. Kijana wa Eastleigh angeyapenda.

Kuna atakayeniambia mashali wa Monogram nao walijificha, mhubiri bandia ni karao wa kiraia tu. Haya. Lakini alijificha ili asikilize, na ilipofika saa ya kukamata alitoa beji, mji ukamwona uso na ukajua jina lake. Anayejificha saa ya kukamata ana sababu nyingine.

Atakayenisumbua kweli ni yule wa tatu, na sina dawa yake kamili. Anasema: sheria ya nani, wewe? Indian Territory ilikuwa mahali ambapo Wacherokee, Wachoctaw na wengine walisukumwa kwa nguvu miaka ya 1830, wakaambiwa hii ni yenu, halafu ikaja korti ya Arkansas na wanyongaji wake, halafu 1907 ikawa jimbo la Oklahoma na ile ahadi ikafutwa. Mashali alikuja na wale wale waliokuja na reli. Hilo ni kweli, na Arizona Bound hailisemi hata kwa bahati mbaya. Sisi tunalijua bila kufundishwa: historia ya polisi wetu inaanzia kwa walinzi wa maghala ya kampuni ya IBEA, waliowekwa walinde mali ya kampuni, si wewe wala babu yangu. Nakubali yote. Ila angalia mahali hoja hiyo inapoelekea. Kama sheria ilianza kuwa ya wenye reli, basi karatasi, kizimba na saa 24 za kumfikisha mtu kortini ambazo Katiba yetu ya 2010 imeandika, katika kifungu cha 49, ndivyo vitu vichache ambavyo asiye na reli anaweza kumshikia nazo mwenye bunduki. Ukivitupa kwa hasira, mwenye reli hapotezi kitu.

Na wewe wa milango wazi, najua neno lako la mwisho, ulishaniambia: korti zetu ni za pole, dhamana ni rahisi, shahidi anaogopa, mwizi anarudi mtaani kabla ya aliyeibiwa kupata simu nyingine. Sibishi hata moja. Ila Fort Smith nayo ilikuwa mbali. Hakukuwa na barabara ya maana wala simu, manaibu wa Parker waliuawa kwa makumi katika kazi hiyo, na msafara mmoja ungeweza kuzunguka porini wiki kadhaa, wafungwa wamefungwa minyororo kwenye gari la farasi, idadi ikiongezeka kila kituo. Kila sababu unayonipa ya kummaliza mtu pale pale, wao walikuwa nayo mara kumi. Unajua walifanya nini? Walibeba mpishi. Mtu mzima, kazi yake kuwapikia watu waliokuwa wakipelekwa kuhukumiwa, ili wafike wakiwa hai.

Kutoka Eastleigh hadi korti ya Makadara haifiki hata kilomita kumi. Kuna jam, sawa.